Sura ya Sita: Gemu Zilizoondolewa Rafuni

Mapema Machi 2004, kampuni ya LucasArts ya California iliwaambia watengenezaji wa gemu ya Sam & Max: Freelance Police wasimamishe kazi. Kazi ilikuwa imefika mbali. Wapenzi wa mbwa mpelelezi avaaye suti na mwenzake, sungura mkorofi, walikuwa wameingojea kwa zaidi ya miaka kumi, tangu kisa cha kwanza kitoke mwaka 1993. Agosti iliyotangulia, kampuni hiyohiyo ilikuwa imefuta mwendelezo wa Full Throttle. Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi: hali ya soko hairuhusu. Basi nyumba iliyozaa Maniac Mansion, Monkey Island na Grim Fandango ikaachana na gemu za jasura, ikajikita kwenye Star Wars.

Waandishi wa habari za michezo wakatangaza msiba. Walikuwa wameutangaza mara kadhaa tangu mwaka 1999, na hadi leo habari hii husimuliwa kama mauti na ufufuo. Sisadiki. Waliopenda gemu hizi hawakwenda popote. Wengi wao wakati huo walikuwa watu wazima wenye ajira na fedha mfukoni. Walichokosa ni mahali pa kununulia. Duka la gemu la Marekani miaka ile lilikuwa na ukuta wa maboksi, na kila boksi lililipia nafasi yake kwa kasi ya kuuzwa. Lililokaa wiki chache bila kuguswa lilishushwa bei au kurudishwa lilikotoka. Bidhaa inayonunuliwa polepole kwa miaka mingi haikuwa na rafu ya kukalia. Kwa hiyo habari ya gemu za jasura tangu mwaka 2000 ni habari ya njia za panya zilizoizunguka rafu hiyo, na ya jinsi zilivyobadilika njiani.

Gemu ya jasura, kwa maana ninayoitumia hapa, ni ile ambayo mchezaji husonga mbele kwa kudadisi. Anazungumza na watu, anaokota vitu, anafungua mlango uliofungwa, anaunganisha neno alilolisikia asubuhi na kitu alichokiona jioni. Wepesi wa vidole haumsaidii kitu.

Ya kwanza ilitoka pangoni, na hapa sitii chumvi. Will Crowther alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya BBN, Massachusetts, mmoja wa waliojenga mtandao wa ARPANET uliokuja kuzaa intaneti. Yeye na mkewe Patricia walikuwa wapenzi wa mapango. Walikuwa wakienda Kentucky, wakitambaa chini ya ardhi katika mfumo wa Mammoth Cave na kuuchora ramani. Ndoa ilipovunjika, Crowther aliacha kwenda mapangoni. Kati ya mwaka 1975 na 1976 akaandika mchezo wa maneno matupu ambao binti zake wangeweza kuucheza. Kompyuta inakueleza ulipo, wewe unaiandikia neno moja au mawili: nenda kaskazini, chukua taa. Pango lililoelezwa ni lile alilolipima kwa miguu yake. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliiona nakala yake, akaomba ruhusa, akaongeza hazina na mauzauza, na mchezo ukaenea katika kila kompyuta kubwa iliyounganishwa na mtandao.

Mmoja wa walionaswa alikuwa Roberta Williams, mama wa nyumbani wa California ambaye mumewe, Ken, alikuwa mwandishi wa programu. Alipomaliza pango alitafuta mwingine wa kumridhisha asiupate, akaketi kwenye meza ya jikoni akabuni wa kwake. Mystery House ya mwaka 1980 ilikuwa na michoro ya mistari mitupu, bila rangi, kwa kompyuta ya Apple II. Iliuzwa. Wawili hao wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Sierra On-Line, na mwaka 1984, kwa fedha za IBM, wakatoa King's Quest, ambamo kwa mara ya kwanza mchezaji alimwona mhusika wake akitembea mbele na nyuma ya miti.

Aliyekulia kwenye vitendawili atauelewa mchezo huu upesi kuliko aliyekulia kwenye mpira. Mtegaji anatega, hadhira inahangaika, na wakishindwa humpa mji. Akiisha kuupokea mji na kujivunia utawala wake, ndipo anapotoa jibu. Gemu ya jasura ilikuwa kitendawili cha saa thelathini, na mji wake ulitozwa kwa dola. Sierra iliuza vitabu vya majibu na kuweka namba ya simu ya kulipia. Kampuni ya Infocom, iliyotengeneza Zork, ilikuwa na ustaarabu zaidi: vijitabu vyake vilichapwa kwa wino usioonekana, mnunuzi akapewa kalamu maalumu ya kuufichua. Chini ya kila swali palikuwa na vidokezo kadhaa, cha kwanza kikiwa cha mbali, cha mwisho kikiwa jibu lenyewe. Aliyetaka kusukumwa kidogo tu alisukumwa kidogo tu. Nadhani katika kijitabu kile kulikuwa na hekima zaidi ya ubunifu kuliko katika nusu ya gemu za wakati wake.

Maana mafumbo mengi ya Sierra yalikuwa ya dhuluma. Katika King's Quest V ya mwaka 1990 mhusika anaweza kununua pai. Akiona njaa, mchezaji mwenye akili zake anaweza kumlisha pai hiyo. Baadaye sana, milimani, anakutana na dubwana la theluji ambalo haliondoki njiani mpaka litupiwe pai usoni. Aliyeila amekwisha, na mchezo haumwambii. Atazunguka usiku kucha akitafuta kosa lililo saa tano nyuma.

Hasira dhidi ya ubunifu wa namna hii ilimfanya Ron Gilbert wa Lucasfilm Games (jina la LucasArts la awali) aandike makala mwaka 1989 yenye orodha ya maovu ya gemu hizi: mchezaji asiuawe ili ajifunze, asizuiwe na kitu alichokipita zamani, na kila fumbo limsogeze ndani ya hadithi badala ya kumsimamisha mlangoni. Mwaka uliofuata yeye, Tim Schafer na Dave Grossman walitoa The Secret of Monkey Island, na humo mna fumbo ambalo mimi huliona kuwa bora kuliko yote ya karne ile.

Guybrush Threepwood, kijana anayetaka kuwa haramia wa bahari ya Karibi, lazima amshinde bingwa wa upanga wa kisiwa. Anagundua kwamba pambano la upanga huamuliwa kwa vijembe. Mmoja anatukana, mwingine anajibu, na jibu kali ndilo linalomrudisha mpinzani nyuma. Basi inambidi azurure njiani apigane na maharamia wa hovyo, apokee matusi yao, ayahifadhi, ayatumie kwa anayefuata ili asikie majibu yake. Huo ni ukusanyaji tu, na mtunzi mvivu angeishia hapo. Lakini bingwa, mwanamke aitwaye Carla, hatumii tusi hata moja ulilojifunza. Ana yake mapya. Majibu unayo yote, ila yanatakiwa kwenda na matusi usiyowahi kuyasikia, na hapo ndipo inapoonekana nani alikariri na nani alielewa. Mchezaji akipatia, hushinda kwa ucheshi wake mwenyewe, au angalau ndivyo anavyojiona.

Na katika gemu hiyo hufi, ila kwa njia moja. Guybrush hujigamba kwamba anaweza kuzuia pumzi dakika kumi. Ukimwacha chini ya maji zaidi ya hapo anakufa kweli, na watunzi walikuwa wakimcheka mchezaji wa Sierra.

Kisha mafanikio yakaleta balaa. Mwaka 1993 ndugu wawili, Rand na Robyn Miller wa Spokane, jimbo la Washington, walitoa Myst: kisiwa kisicho na watu, picha tulivu nzuri kupindukia, mitambo ya kudadisi, hakuna maelekezo. Iliuza nakala zaidi ya milioni 6, na hakuna gemu ya kompyuta iliyoipita kwa mauzo mpaka The Sims mwaka 2002. Wakubwa wa kampuni walijifunza kutoka kwake somo la kijinga, kwamba jasura ni biashara kubwa na yahitaji fedha kubwa. Wakaajiri waigizaji, wakajenga studio za filamu. Phantasmagoria ya Sierra, mwaka 1995, ilijaza diski saba. Iliuzwa vizuri, lakini gharama ya namna ile ilitaka kila gemu iuzwe vizuri, na yote ndani ya wiki zile chache za rafuni. Grim Fandango ya Tim Schafer, mwaka 1998, yenye wafu wa Kimeksiko wanaosafiri ahera kwa tiketi za treni, ilisifiwa kila mahali na haikuleta fedha zilizotarajiwa.

Pembeni yake zilisimama gemu za kupiga risasi. Kadi mpya za michoro zilihitaji gemu za kuonyesha uwezo wake, na Quake ilifanya kazi hiyo kuliko mazungumzo na mzimu. Novemba 1998 ilitoka Half-Life, na mchapishaji wake alikuwa nani? Sierra. Kampuni ilikuwa imeuzwa mwaka 1996 kwa CUC International, ambayo baadaye iligunduliwa kuwa imepika mahesabu kwa miaka, na mwenyekiti wake akaishia gerezani. Februari 1999 wamiliki wapya waliifunga studio ya Oakhurst, kitovu cha Sierra tangu zamani.

Mwaka huohuo ikatoka Gabriel Knight 3, yenye fumbo la sharubu. Mhusika anataka kukodi pikipiki kwa jina la rafiki yake, hivyo anamwibia pasipoti. Ili afanane naye anahitaji sharubu bandia: anabandika utepe wa gundi kwenye tundu, anamfukuza paka apite hapo, anachukua manyoya yaliyonaswa, anayagandisha mdomoni kwa asali ya mti. Na rafiki huyo hana sharubu! Kwa hiyo Gabriel anachukua kalamu na kumchora sharubu kwenye picha ya pasipoti. Mwaka 2000 Erik Wolpaw aliandika makala ya dhihaka kuhusu fumbo hilo, akahitimisha kwamba gemu za jasura zilijiua zenyewe. Makala hiyo inachekesha mpaka leo, na imenukuliwa kama hati ya kifo. Lakini paka hakuua mtu. Mafumbo ya kipuuzi yalikuwepo tangu mwanzo, na watu walinunua. Kilichobadilika ni hesabu ya rafu. Wolpaw mwenyewe alikuja kuwa miongoni mwa waandishi wa Portal, ya mwaka 2007, gemu ya mafumbo na hadithi iliyouzwa kwa mamilioni. Sijui wakili gani angeweza kumtetea mteja vizuri zaidi ya hapo.

Wakati huo njia za panya zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Mwingereza Chris Jones alitoa mwaka 1997 programu iliyokuja kuitwa Adventure Game Studio, ya bure, ambayo kwayo mtu mmoja chumbani kwake angeweza kutengeneza gemu ya kubofya kama zile za zamani. Mwaka 2001 Ludvig Strigeus wa Sweden na Mfaransa Vincent Hamm wakaanza ScummVM, programu ya kuziendesha gemu za LucasArts kwenye kompyuta mpya zilizokuwa haziziwezi tena. (Strigeus ni yuleyule aliyeandika µTorrent kisha akawa mhandisi wa Spotify, muziki wa dunia nzima umepitia mikononi mwa mtu aliyetaka kucheza Monkey Island.) Kampuni ya Revolution ya York iliipenda kazi hiyo kiasi cha kuitoa bure gemu yake Beneath a Steel Sky mwaka 2003. Urithi ukawa salama, na ufundi ukawa mikononi mwa wachezaji.

Dave Gilbert wa New York, ambaye hana undugu na Ron, alitumia programu ya Jones mwaka 2006 kutengeneza The Shivah kwa ajili ya shindano la mwezi mmoja la watumiaji wenzake. Shujaa wake ni rabi aliyechoka, sinagogi lake halina waumini, na muumini wa zamani ameuawa akimwachia fedha. Katika mazungumzo mchezaji anaweza kuchagua jibu la kirabi, yaani kujibu swali kwa swali, na pambano la mwisho hupiganwa hivyohivyo. Aliyecheza Monkey Island atavitambua vijembe vikiwa vimevaa kanzu ya dini. Gilbert aliirekebisha, akaiuza mwenyewe kwa dola chache mtandaoni, na kampuni yake, Wadjet Eye, inaishi hadi leo kwa gemu za picha za chembechembe: mfululizo wa Blackwell, Gemini Rue, Unavowed. Hakuna hata moja ambayo duka la mwaka 2004 lingeipa nafasi, na hakuna iliyohitaji.

Ulaya nako rafu ilikuwa ya namna nyingine. Wajerumani hawakuacha kununua jasura, na Hamburg ikazaa Daedalic mwaka 2007, nyumba ya Deponia. Mbelgiji Benoît Sokal, mchoraji wa katuni, alitoa Syberia mwaka 2002. Wahispania walikuwa na Runaway. Magazeti ya Marekani yaliyoandika taazia hayakutazama ng'ambo ya bahari.

Japani ndiyo iliyopiga hatua ya kweli. Mwaka 2001 Shu Takumi wa Capcom alitoa kwenye Game Boy Advance gemu ya wakili chipukizi ambaye humhoji shahidi, huusikiliza ushahidi sentensi kwa sentensi, na kwenye ile inayogongana na vielelezo anapiga kelele ya kupinga. Ikaja kujulikana duniani kwa jina la Ace Attorney ilipohamia Nintendo DS. Mahakamani hakuna kutembea wala kuokota takataka. Fumbo ni uongo wenyewe, na mchezaji anatafuta mahali unapovuja. DS ilikuwa na skrini ya kugusa, na ziliuzwa mashine zaidi ya milioni 150, nyingi mikononi mwa watu waliokuwa hawajawahi kujiita wachezaji. Profesa Layton, mwaka 2007, aliwauzia hao vitendawili vilivyofungwa ndani ya hadithi. Simu za kugusa zilipofuata, kidole kikachukua nafasi ya kipanya bila kuhitaji mafunzo.

Niongeze neno kuhusu kwetu. Katika vibanda vya PlayStation vya Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam mteja hulipia mechi au dakika, na nyuma yake kuna foleni. Huwezi kukaa hapo ukitafakari mlango. Ndiyo maana kizazi kizima cha Afrika Mashariki kinaijua FIFA kuliko kinavyomjua Guybrush, na hakuna haja ya kutafuta sababu katika utamaduni. Sababu iko kwenye foleni. Simu ndiyo iliyoleta uwezekano wa kubaki na fumbo moja peke yako, kitandani, bila mtu wa kukuhimiza.

Waliofukuzwa pamoja na Sam na Max hawakutawanyika. Baadhi yao walianzisha Telltale Games mwaka huohuo wa 2004, na leseni ya LucasArts ilipoisha, Steve Purcell, mchoraji aliyewaumba mbwa na sungura wake, akawapa wao. Kuanzia Oktoba 2006 walitoa kisa kwa vipande, kipande baada ya kipande kila mwezi au karibu na hapo, mtandaoni. Kampuni ndogo ilipata mapato kabla kazi nzima haijaisha. Ilikuwa dawa ya rafu, na ilifanya kazi.

Kisha mwaka 2012 wakatoa The Walking Dead. Mfungwa aitwaye Lee anaokota mtoto wa kike, Clementine, katika dunia iliyojaa maiti zinazotembea, na mafumbo karibu yote yametupwa. Kilichobaki ni maamuzi: nani apewe chakula, nani aokolewe, mtoto aambiwe nini, na muda wa kujibu unayoyoma mbele ya macho yako. Ukimaliza kusema, skrini inakutaarifu kwamba msichana atalikumbuka hilo. Watu wazima walilia. Ilipata tuzo ya gemu ya mwaka, na kampuni ikaamini imepata ufunguo wa kila mlango. Batman, Game of Thrones, Minecraft, vyote vikapitishwa kwenye kinu kilekile, na wachezaji wakaanza kuona kwamba njia zote zinakutana palepale na kwamba kumbukumbu ya wahusika ni fupi kuliko skrini inavyodai. Septemba 2018 wafanyakazi wapatao 250 waliachishwa kazi kwa siku moja bila kiinua mgongo. Kampuni iliyozaliwa kwa kukwepa gharama kubwa ilikuwa imejijengea gharama kubwa.

Februari ya mwaka uleule wa 2012, Tim Schafer alikuwa amefanya jambo lingine. Alijua hakuna mchapishaji atakayempa fedha za gemu ya kubofya, basi akaenda Kickstarter akaomba umma dola 400,000. Zilipatikana kabla siku haijaisha. Ndani ya saa 24 zilivuka milioni 1, na mchango ulipofungwa watu zaidi ya 87,000 walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 3.3. Ushahidi gani mwingine ulihitajika kwamba wateja walikuwepo? Watu walilipia gemu ambayo haikuwa hata na jina.

Broken Age, ilipoitwa hivyo, ilinifurahisha nusu. Fedha hazikutosha, kwani Schafer alibuni kitu kikubwa kuliko mchango, ikabidi igawanywe: sehemu ya kwanza Januari 2014, ya pili Aprili 2015. Ya kwanza ni laini na nzuri. Ya pili ina mafumbo magumu kana kwamba imewasikiliza waliolalamika kwamba ya kwanza ilikuwa rahisi. Waliochanga walitaka kurudishiwa ujana wao, na hilo ni agizo gumu kwa mtunzi yeyote. Mlango ulikuwa umefunguka, hata hivyo, na wakaupita Charles Cecil na Broken Sword 5, Rand Miller wa Myst na Obduction, Ron Gilbert na Thimbleweed Park.

Mwaka mmoja kabla ya Schafer, vijana wawili wa Chicago, Jake Elliott na Tamas Kemenczy, walikuwa wamechangisha mahali hapohapo kiasi kisichofika dola 10,000. Iliwachukua mpaka mwaka 2020 kumaliza matendo matano ya Kentucky Route Zero, na mwanamuziki Ben Babbitt akajiunga nao njiani. Dereva mzee wa duka la vitu vya kale anatafuta anwani iliyo kwenye barabara ya chini ya ardhi, katika Kentucky ya wadaiwa, wachimba makaa na redio za usiku. Mchezaji hafumbui chochote. Anachagua maneno: dereva anawaza nini, mbwa wake anaitwa nani, wimbo huu unasema nini. Uchaguzi haubadili mwisho wa safari. Unabadili mtu unayesafiri naye. Ndani ya pango moja kuna kompyuta kuukuu yenye mchezo wa maneno, na anayejua habari ya Crowther haelezwi zaidi.

Hapo ndipo ninapoona mageuzi zaidi kuliko katika mamilioni ya Kickstarter. Swali la zamani lilikuwa: mchezaji afanye nini ili mlango ufunguke? Watunzi wapya waliuondoa mlango. Gone Home ya mwaka 2013 inakupa nyumba tupu ya Oregon mwaka 1995 na kukuacha upekue droo mpaka uijue familia yako. Waliozoea bunduki waliidharau, wakaziita gemu hizi za kutembea tu. Firewatch na What Remains of Edith Finch zilifuata, na dharau ikapungua.

Wengine walilihamisha fumbo kutoka mfukoni kwenda kichwani. Her Story ya Sam Barlow, mwaka 2015, ni kompyuta ya polisi yenye vipande vya video vya mwanamke akihojiwa. Unaandika neno, unaletewa vipande ambamo amelitamka, lakini vitano vya kwanza tu ndivyo unavyoruhusiwa kutazama. Kwa hiyo unahitaji neno la nadra zaidi, na neno hilo utalipata kwa kusikiliza. Kibodi ya Crowther ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa na tabia ya watu waliozoea kutafuta mambo mtandaoni. Katika Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, mwaka 2018, wewe ni mkaguzi wa bima kwenye merikebu iliyorudi bila watu mwaka 1807. Walikuwa 60. Utaje kila mmoja na kilichompata, kwa lafudhi, kwa soksi, kwa namba ya kitanda, na gemu huthibitisha majina matatu-matatu ili kubahatisha kusikufae. Outer Wilds, mwaka 2019, inakuua kila dakika 22 jua linapolipuka, na unapoamka tena huna silaha wala ufunguo ambao hukuwa nao. Una ulichojifunza. Anayejua siri yake aweza kuimaliza kwa mzunguko mmoja tangu mwanzo. Asiyejua atazunguka wiki nzima kwa furaha. Mama wa gemu hizi zote ni Carla wa Monkey Island, ingawa hakuna hata moja inayofanana naye kwa sura.

Ron Gilbert mwenyewe alirudi mwaka 2022 na Return to Monkey Island. Disney, waliokwisha kuinunua Lucasfilm, walimruhusu. Michoro mipya ilipoonyeshwa, baadhi ya wanaojiita wapenzi walimtukana kiasi kwamba aliacha kwa muda kuzungumzia gemu hiyo hadharani, maana walimtaka Guybrush wa chembechembe waliyemkumbuka. Aliikamilisha alivyotaka. Na ndani yake, kwenye mfuko wa mhusika, kuna kitabu cha vidokezo: cha kwanza cha mbali, kinachofuata cha karibu, cha mwisho jibu. Hakitozwi dola.

Miezi minne baadaye, Januari 2023, Ken na Roberta Williams, waliokuwa wamestaafu kwa zaidi ya miaka ishirini, walitoa Colossal Cave. Roberta alilichukua pango la Crowther na Woods akalijenga upya kwa pande tatu, kuta zikimetameta, taa ikitupa kivuli. Mafumbo aliyaacha karibu yote yalivyokuwa mwaka 1977, pamoja na njia za kupotea zisizo na huruma na betri za taa zinazoisha. Alisema ni heshima kwa waliomtangulia, na heshima hiyo inaonekana kila pembe. Wahakiki walisifu nia, kisha wengi wakaandika kwamba walikwama, wakachoka, wakafungua simu kutafuta majibu.